Kujumlisha na kutoa: tuyafundishe pamoja, tuanze na vijiti

Walimu wenzangu na wazazi,

Mtoto anaweza kuimba "3 jumlisha 4 ni 7" bila kujua hiyo 7 imetoka wapi. Muulize 7 toa 4, utamwona anaanza kuhesabu upya kana kwamba hajawahi kukutana na namba hizo. Ndiyo maana sipendi kufundisha kujumlisha muhula mzima ndipo nigeukie kutoa. Nafundisha yote mawili kwa vitu vilevile, siku ileile.

Hatua ya 1: Vitu mkononi
Mpe mtoto vijiti 7 avigawe mafungu mawili apendavyo. Akipata 4 na 3, muulize vyote ni vingapi. Kisha funika fungu la 3 kwa kiganja: "Vilikuwa 7, unaona 4. Nimeficha vingapi?" Usiandike kitu bado. Rudieni kwa 5 na 2, 6 na 1, hata 7 na 0. Mtoto anayelazimika kuhesabu tena vijiti vyote kila ukiuliza "vingapi?", ilhali hukuongeza wala kupunguza, aendelee kuvichezea kwanza.

Hatua ya 2: Picha, halafu alama
Achore miduara 7 na kukata 3. Hapo ndipo uandike 7 − 3 = 4 chini ya mchoro wake. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza mpangilio huu katika miaka ya 1960: kutenda, picha, kisha alama. Malizia kwa sentensi zote nne zinazotoka kwenye mchoro mmoja: 4 + 3 = 7, 3 + 4 = 7, 7 − 3 = 4, 7 − 4 = 3.

Hatua ya 3: Kuhesabu kwa kuendelea
Kwa 8 + 3, ashike 8 kichwani na aendelee: 9, 10, 11. Wengi huanza kwa kuitaja 8 yenyewe, "8, 9, 10", wakapata 10. Mwoneshe kwenye mstari wa namba kwamba tunahesabu miruko.

Hatua ya 4: Kutoa si kuondoa tu
Hapa tunapita mbio mno, naomba tukae. "Dada ana penseli 9, kaka ana 6. Dada amemzidi kaka penseli ngapi?" Hakuna aliyepoteza penseli, kwa hiyo mtoto aliyezoea kwamba kutoa ni kuondoa hujumlisha, akaandika 15. Panga safu mbili, kimoja kwa kimoja. Vile vitatu vilivyokosa wenzao ndiyo tofauti. Kisha geuza swali: "Kaka ana 6, anataka ziwe 9, aongeze ngapi?" Vijiti ni vilevile, na jibu ni lilelile.

Tafadhali usimfundishe kuwinda maneno, eti "ukiona 'zaidi', jumlisha". Katika "Dada ana penseli 9, ambazo ni 3 zaidi ya za kaka, kaka ana ngapi?" mbinu hiyo itampoteza. Asimulie kisa kwa maneno yake kabla ya kugusa namba.

Hatua ya 5: Makumi na mamoja
Chukua 52 − 27. Weka mafungu 5 ya vijiti kumikumi yaliyofungwa, na vijiti 2 pembeni. Anatakiwa kutoa 7 na anavyo 2. Mwache akwame kidogo, usimkimbilie. Afungue fungu moja mwenyewe: sasa ana makumi 4 na mamoja 12. Muulize kama vijiti vimepungua. Akikuambia bado ni 52, kukopa amekuelewa. Atoe 7 zibaki 5, atoe makumi 2 yabaki 2. Jibu ni 25, na 25 + 27 inamrudisha 52.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mwanangu kila mara anaandika 52 − 27 = 35. Tatizo ni nini?
Jibu: Mzazi wangu, kwenye mamoja anafanya 7 toa 2, yaani anatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Mrudishe kwenye mafungu ya hatua ya 5. Pia mzoeshe kukadiria: 52 toa 30 ni 22, basi 35 iko mbali mno.

Swali: Nimkataze vidole?
Jibu: Hapana. Angalia anavyovitumia. Akianzia 1 kila mara, mfundishe kuendelea.

Swali: Kwenye 8 + 4 = □ + 5, karibu darasa langu zima limejaza 12. Nifanyeje, mwalimu mwenzangu?
Jibu: Wanaiona alama ya sawasawa kama amri ya kuandika jibu. Robert Recorde aliyeibuni mwaka 1557 alichora mistari miwili yenye urefu sawa, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Ifundishe kama mizani: kushoto kuna 12, kulia kuna 5, kwa hiyo kulia panadai 7. Uwe unaandika pia 7 = 4 + 3, na hata 6 = 6. Wapo watakaosema umegeuza. Usiwasahihishe papo hapo, waache wabishane, kisha waombe wahesabu vijiti vya kila upande.