Namna ya Kuacha Mkorogo na Kuirudia Rangi Yako

Anayetaka kuacha mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi, aanze kwa kukaa karibu na dirisha asubuhi na kuitandaza mikono yake miwili juu ya meza. Ngozi ya vifundo vya vidole ni nene na hukunjwa mchana kutwa, kwa hiyo ndiyo inayokawia kuliko zote kuitikia dawa, na mtu ambaye uso wake umekwisha kuwa wa rangi ya embe bivu hubaki na vifundo vyeusi ambavyo watu wa mtaani huvitania kwa majina ya soda, Fanta usoni na Coca-Cola mikononi. Baada ya hapo atazame kiunoni, chini ya mkanda wa sketi au suruali. Kama hakuwahi kupaka hapo, hiyo ndiyo rangi anayoirudia, na ni vyema aizoee mapema kwa macho, kwa sababu itachukua miezi kufika usoni.

Hatua inayofuata ni kukusanya kila kopo, tyubu na sabuni unayotumia, bila kutupa chochote kwa sasa, na kusoma maandishi madogo. Viambato vitatu ndivyo vinavyofanya kazi ya kuchubua. Cha kwanza ni haidrokwinoni, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Cha pili ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo kwenye tyubu huandikwa kwa majina yanayoanza na «clobeta» au «betametha». Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi zikitolewa na daktari kwa muda maalumu, lakini mwenye mkorogo huzipaka mwili mzima kwa miaka. Cha tatu ni zebaki, ambayo huharibu figo na humfikia mtoto aliye tumboni. Zebaki hufichwa kwa majina kama «calomel» au «mercuric», na wakati mwingine haitajwi kabisa. Hata hivyo maelezo yakikuonya kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, shuku zebaki, kwa kuwa ndiyo inayokula madini hayo. Kopo lisilo na lebo yoyote, lile ambalo muuzaji alikukorogea kwenye bakuli la plastiki kwa kijiko, lifunge vizuri na uende nalo hospitali.

Nasema hospitali kwa makusudi, kwa sababu kosa kubwa la walio wengi ni kuacha ghafla kwa hasira. Ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa kwa siku moja huwaka, huwa nyekundu, huwasha na kutoa chunusi, hata mtu akaamini kwamba mkorogo ulikuwa unamtibu, akaurudia. Aliyepaka mwili mzima kwa muda mrefu ana hatari nyingine isiyoonekana: dawa imeingia katika damu na mwili umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, kwa hiyo ni daktari anayepaswa kupanga namna ya kushuka kidogo kidogo. Mwambie ukweli wote, pamoja na miaka. Hospitali za mikoa huwa na mahali pa kuanzia, na kwa walioko kaskazini mwa Tanzania kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992.

Nyumbani kazi ni ndogo, ila inataka subira. Oga kwa sabuni isiyo na manukato, paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, na ujikinge na jua kwa kofia pana, mtandio au mwavuli, kwa sababu ngozi iliyochubuliwa imepoteza kinga yake ya asili. Ukiona mabaka ya weusi unaoelekea buluu kwenye mashavu, usiyafuate kwa krimu nyingine ya kung'arisha. Mara nyingi mabaka hayo husababishwa na haidrokwinoni yenyewe, na kila unavyoongeza ndivyo yanavyozidi.

Upande wa pili wa kazi hii uko kwenye simu, nami naona ndio mgumu zaidi. Upigaji picha wa rangi ulilelewa na ngozi nyeupe: kwa miongo mingi maabara za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na yeyote mweusi akatoka kama kivuli. Leo simu nyingi huja na kipengele cha kupamba uso ambacho hung'arisha na kulainisha bila kukuuliza. Kitafute ukizime. Kisha simama mlangoni, jipige picha mbili, moja kikiwa kimewashwa na nyingine kikiwa kimezimwa, uziweke sambamba. Ukiona pua imepungua na kidevu kimechongoka, utakuwa umejua picha za wengine hutengenezwaje. Hata walio juu kabisa hawasalimiki. Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilifuta nywele za asili za mwigizaji Lupita Nyong'o kwenye jalada, naye akalalamika hadharani. Ufaransa tangu 2017 na Norway tangu 2022 zinataka picha za matangazo zilizobadilishwa miili ziwekwe alama. Wewe jiwekee alama yako: kwa wiki moja, kila ukurasa unaokufanya uinuke kwenda kwenye kioo uache kuufuata.

Halafu kuna ndimi za watu. Shangazi atakuuliza kwenye shughuli, «Mbona umefubaa hivyo, unaumwa?» Andaa jibu fupi la heshima, kwa mfano, «Hapana shangazi, nimeacha dawa,» kisha umuulize habari za watoto. Nyumbani acheni kumsifu mtoto mchanga kwa weupe wa masikio yake, maana anayekua akisikia hivyo atalitafuta kopo mwenyewe. Lugha yetu ina maji ya kunde, ina weusi wa kung'aa, na mwanamitindo wa Tanzania Flaviana Matata alifika kumi bora za Miss Universe huko Mexico mwaka 2007 akiwa na ngozi yake hiyo na kichwa kilichonyolewa.

Harusi ikikukuta katikati ya safari hii, usipake kitu cha kulinganisha rangi kwa haraka. Mwombe mpambaji ajaribu poda kifuani, chini kidogo ya shingo, mahali ambapo gauni litaacha wazi, na achague ile inayopotea kwenye ngozi. Mpiga picha naye mwambie apimie mwanga usoni pako, asiupimie kwenye shela.