Somo: Meli ikishakushusha Civitavecchia, usiku mmoja wa Roma ulale wapi?

Wakuu, msimu wa meli za kitalii za Mediteranea ukifika, simu yangu haipumziki. Ndugu na marafiki wanaopanda meli hizo huniandikia kitu kilekile: "Safari inaishia Roma, ndege ya kurudi ni kesho yake, tutajie hoteli nzuri." Mimi kabla ya kutaja hoteli yoyote nauliza kwanza ndege inaondoka saa ngapi. Wengi wanashangaa, kwa sababu wao wameshaanza kulinganisha picha za vitanda.

Ukweli ni kwamba meli haifiki Roma. Tangazo la safari limeandikwa "Roma", lakini bandari yenyewe ni Civitavecchia, mji wa pwani ulio kama kilomita 80 kaskazini-magharibi mwa jiji. Uwanja wa ndege wa Fiumicino nao uko nje ya jiji, upande wa baharini. Kwa hiyo una sehemu tatu zilizoachana, una masanduku, una uchovu wa safari, na una usiku mmoja tu. Hoteli ya usiku wa namna hiyo ichaguliwe kwa kufuata reli. Nyota na picha zije baadaye.

Hatua ya 1: Anzia kwenye ndege, rudi nyuma

Kwa ndege ya kimataifa panga uwe uwanjani saa tatu kabla. Angalia tiketi vizuri, maana imeandikwa kwa saa za Kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi, na maana yake uwe Fiumicino saa kumi usiku. Saa hiyo treni hazijaanza. Mwenye ndege ya namna hii asidanganywe na hoteli ya katikati ya jiji. Alale Fiumicino kwenyewe. Ipo hoteli ya Hilton iliyounganishwa na majengo ya uwanja kwa njia ya kutembea kwa miguu, na zipo hoteli za bei nafuu katika mji wa Fiumicino, ambao ni mji wa wavuvi wenye migahawa mizuri ya samaki. Ila hizo za mjini uliza kama wana gari la kukupeleka uwanjani alfajiri na linatozwa kiasi gani.

Ndege ikiwa ya mchana au jioni ya kesho yake, lala Roma.

Na kama ndege ni ya usiku wa siku ileile unayoshuka, huenda huhitaji hoteli kabisa. Meli hutia nanga asubuhi, abiria wanamalizika kushuka kabla ya saa nne. Unaacha mizigo sehemu ya kuhifadhi mizigo Termini, kituo kikuu cha treni cha Roma, unatembea jiji, jioni unaichukua na kuondoka. Kinyume chake, asikushauri mtu ukate ndege ya kabla ya saa saba mchana siku ya kushuka. Meli ikichelewa kidogo tu, umekwisha.

Hatua ya 2: Viza ihesabu na huo usiku

Hii ni kwa sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Siku ulizopewa kwenye viza ya Schengen (viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) lazima zifike mpaka siku ya kupanda ndege, si siku ya kushuka melini. Unapoomba viza, weka na uthibitisho wa hoteli ya huo usiku wa mwisho, usiache pengo kati ya meli na ndege. Tena angalia meli inapita wapi. Ugiriki na Croatia ziko ndani ya Schengen, lakini Uturuki, Tunisia na Montenegro ziko nje. Ukitoka nje halafu ukarudi Italia, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hatua ya 3: Chagua kituo, halafu ndiyo hoteli

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msome taratibu.

Treni ya kawaida ya mkoa ikitoka Civitavecchia inaingia Roma kwa mpangilio huu: San Pietro, Trastevere, Ostiense, Tuscolana, mwisho Termini. Tiketi ni kama euro tano, haina namba ya kiti wala haimaliziki kwa kununuliwa na wengi, kwa hiyo hakuna haja ya kuinunua miezi mitatu kabla. Mpaka San Pietro ni chini ya saa moja. Mpaka Termini ongeza robo saa au zaidi.

Kutoka Roma kwenda uwanja wa ndege kuna treni mbili, na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni Leonardo Express: inatoka Termini, haisimami popote, dakika 32, euro 14. Ya pili inaitwa FL1: ni euro 8, inasimama njiani, na inapita Tuscolana, Ostiense na Trastevere. Haifiki Termini kabisa.

Sasa unganisha safari mbili, ya kutoka bandarini na ya kwenda uwanja wa ndege. Kituo cha Trastevere kinakutana na treni ya kutoka bandarini na pia treni ya nafuu ya kwenda uwanjani. Mtu akilala umbali wa kutembea kutoka hapo, leo anashuka, kesho anapanda palepale, bila metro, bila teksi. Tramu namba 8 inapita mbele ya kituo kuelekea katikati ya mji. Kwa watu wawili wenye masanduku na ndege ya mchana, mimi huchagua Trastevere bila kufikiri mara mbili. Tahadhari moja: mtaa wa kale wa Trastevere, ule wa picha, uko mbali kidogo na kituo, una vichochoro vya mawe na kelele za baa hadi usiku wa manane. Hoteli ikiandikwa "Trastevere", fungua ramani upime umbali kutoka kituoni.

San Pietro kunawafaa wanaotaka kuona Vatikani. Ukishuka kituoni unatembea kama dakika kumi au kumi na tano unafika uwanja wa Mtakatifu Petro. Kwenda uwanja wa ndege, unapanda treni hadi Trastevere, unabadilisha. Panakuwa patulivu usiku, ila chakula cha karibu na Vatikani kina bei za watalii.

Termini ndiko wanakokimbilia wengi, na si kosa. Metro zote mbili kubwa, A na B, zinakutana pale, na Leonardo Express inaanzia pale. Hoteli ni nyingi na bei zinashindana. Sifa mbaya ya eneo hilo imetiwa chumvi, ingawa usiku si pazuri kuzungukazunguka ukiwa na begi. Faida isiyotajwa na tovuti za hoteli: upande wa Esquilino kuna soko kubwa la ndani ambako utakuta bamia, mihogo na ndizi za kupika, na mitaa ya karibu na kituo ina migahawa ya Kiethiopia na Kieritrea. Baada ya wiki ya chakula cha meli, wengine hulia machozi ya furaha wakiona injera.

Kuhusu teksi: kutoka Fiumicino hadi ndani ya Kuta za Aurelian (kuta za kale zinazozunguka katikati ya Roma), au kinyume chake, bei ni moja, euro 55 kwa gari zima pamoja na mizigo. Watu wazima wanne wakinunua tiketi moja moja za Leonardo Express wanalipa euro 56. Pigeni hesabu wenyewe. Teksi halali ni nyeupe na ina mita. Lakini kutoka Civitavecchia hadi Roma teksi inavuka euro 100 kwa urahisi, kwa hiyo huko treni inashinda.

Hatua ya 4: Soma tangazo la hoteli kama mkataba

Majengo mengi ya Roma ni ya zamani. "Hoteli" inaweza kuwa ghorofa moja tu ndani ya jengo la watu, ghorofa ya nne, lifti ya kuingia mtu na sanduku lake. Tafuta neno "ascensore", ndiyo lifti. "Bagno privato esterno" maana yake choo ni chako peke yako lakini kiko nje ya chumba. "Matrimoniale" ni kitanda kimoja kikubwa. Kama ni dada na kaka, omba vitanda viwili. Kwa Julai na Agosti kiyoyozi ni lazima.

Ukichukua nyumba ya mtu binafsi, tangazo liwe na namba ya CIN, yaani namba ya usajili ya nyumba za kupangisha wageni. Tangu mwaka 2025 ni sharti la nchi nzima. Lakini kwa usiku mmoja mimi nashauri hoteli yenye watu mapokezi, kwa sababu utafika saa tano asubuhi na chumba kitakuwa tayari saa nane au tisa. Hoteli itakuhifadhia mizigo. Mwenye nyumba mara nyingi hayupo.

Halafu kuna kodi ya wageni ya jiji, ambayo kwa kawaida haimo kwenye bei uliyolipia mtandaoni. Kwa viwango vya Oktoba 2023, kwa kila mtu kwa kila usiku: nyota tatu euro 6, nyota nne euro 7.50, nyota tano euro 10. Watoto chini ya miaka 10 wamesamehewa. Familia ya baba, mama, mtoto wa miaka 12 na wa miaka 8 kwenye nyota nne itatoa euro 22.50 mapokezi. Si wizi, msigombane na dada wa watu. Fiumicino ni manispaa nyingine, ina kiwango chake.

Hatua ya 5: Asubuhi ya kushuka

Usiku wa mwisho melini masanduku huwekwa koridoni. Pasipoti, dawa, chaja na nguo za kubadilisha zibaki kwenye begi la mkononi. Kama meli ilishika pasipoti zenu, mzichukue kabla ya kushuka. Mtazihitaji mapokezi, maana hoteli Italia inawajibika kisheria kupeleka taarifa za kila mgeni polisi, hata mtoto. Basi la bandari ni la bure hadi Largo della Pace, kituo cha mabasi cha bandari, na kutoka hapo kuna basi jingine la kulipia hadi kituo cha treni. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, usipogonga ni faini.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Tabata:* Mwanangu, mzee wangu ana magoti mabovu. Hatuwezi kulala hukohuko Civitavecchia tukapumzika?

Shikamoo mama. Mnaweza, na kama ndege ni ya jioni kesho yake ni wazo zuri sana. Mji mdogo, ufuko uko karibu, na pembeni ya bandari kuna ngome ya kale ya Michelangelo. Ila kesho yake msipande treni ya kubadilisha. Ombeni hoteli iwatafutie gari la moja kwa moja hadi Fiumicino, mkubaliane bei usiku huohuo. Kwa magoti ya mzee hiyo pesa haijapotea.

*Mdau wa Muscat:* Asalaam alaikum. Chakula cha halali na msikiti vipi?

Waalaykum salaam. Chakula utapata kwa urahisi maeneo ya Termini na Piazza Vittorio (upande huohuo wa Esquilino), kuna migahawa mingi ya Wabangladeshi. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, ni mkubwa na mzuri lakini uko kaskazini mwa jiji. Kama siku ya kushuka ni Ijumaa, weka mizigo hotelini kwanza, usiende nayo.

*Dada wa Nairobi:* Nasafiri pekee yangu. Nilale Termini ama niogope?

Lala, dada, ila chagua hoteli ya hatua chache kutoka kituoni, yenye mapokezi ya saa 24, na ufike kukiwa bado mchana. Tatizo kubwa Roma ni vibaka wa mifukoni kuliko watu wa kukudhuru. Basi namba 64 la kwenda Vatikani linajulikana kwa hilo; begi liwe mbele, simu isikae mfuko wa nyuma. Na ukifika kituoni akaja mtu kukusaidia kununua tiketi kwenye mashine, mwambie hapana.

*Mwalimu wa Moshi:* Paroko alinigusia nyumba za masista. Zipo kweli?

Zipo, mwalimu, nyingi, na Roma ina mapadre na masista wengi wa kwetu wanaosoma. Vyumba ni safi, kimya, bei ya wastani. Uliza mlango unafungwa saa ngapi, maana nyingi hufunga usiku na hakuna wa kukufungulia. Uliza pia kama kuna mtu mapokezi alfajiri. Andika mapema, nyingine hujibu kwa barua pepe tu, na si kwa haraka.

*Mdau wa Mombasa:* Kampuni ya meli yaniuzia hoteli pamoja na basi. Niichukue?

Angalia jina la hoteli kwanza. Baadhi ziko pembezoni, hakuna cha kutembelea kwa miguu. Kama iko karibu na kituo kimojawapo nilichotaja, na mko wazee au watoto wadogo, ichukue. Mkiwa vijana wawili na begi moja moja, fanyeni wenyewe.

*Kaka wa Kigali:* Chaja zetu za nyumbani zitaingia ukutani?

Za Rwanda zenye pini mbili za duara huingia sehemu nyingi. Wa Tanzania, Kenya na Uganda wenye pini tatu bapa wabebe adapta. Na ile mliyotumia melini msiiache kwenye ukuta wa kabini.