Kukamua mawese kwa ultrasaundi: mwongozo kwa wasindikaji wa Kigoma
Matunda ya mchikichi yavunwe yakiwa yameiva na yachemshwe siku hiyo hiyo, kwa sababu tunda lililochubuka huanza mara moja kuzalisha asidi zinazoharibu mafuta, na hakuna mashine ya kukamulia, hata iwe ya gharama kiasi gani, itakayorekebisha kosa hilo baadaye. Yakishalainika, yatwangwe, kokwa zitengwe, kisha rojo lichanganywe na maji ya moto.

Hapo ndipo ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti ya juu mno yasiyosikika na sikio la binadamu, inapoingia. Fimbo ya chuma ya kifaa hicho ikizamishwa katika rojo na kutetemeka kwa kilohezi 20, yaani mara 20,000 kwa sekunde, vipovu vidogo mno huzuka na kupasuka kwa nguvu, vikivunja kuta za seli ambazo kinu cha mkono huziacha nzima, na mafuta yaliyofichika humo hutoka. Kiwashwe kwa vipindi vifupi huku joto likipimwa, kwa maana joto likizidi na hewa ikiingia, karotini inayoyapa mawese rangi yake nyekundu hupungua, pamoja na vitamini E. Rojo likiwa zito, mawimbi hayafiki mbali, ongeza maji.

Kisha kamua, engua mafuta yanayoelea, na uyapashe moto taratibu hadi maji yaishe. Kwa wasindikaji wadogo ningeshauri kifaa kinunuliwe na kikundi, tena pale tu penye umeme wa uhakika.