Vibao vya mpini vyenye sura ya pembe kwa rivolva: namna ya kuchagua na kufunga

Ukitaka mpini wa rivolva yako uwe na sura ya pembe za ndovu, usianze na rangi. Anza na umbo la fremu, yaani mwili wa chuma wa bastola ambao vibao (mbavu za pembeni za mpini) hufungwa juu yake, halafu malighafi. Rangi ije mwisho. Nimetoka kumsaidia shemeji yangu hapa Texas kuivalisha rivolva yake ya kampuni ya Ruger vibao vipya, na karibu muda wote uliishia kwenye hilo la kwanza. Kwa hiyo nimelieleza kwa kirefu.

Hatua ya 1: Toa risasi

Zote. Tazama tundu moja moja la silinda, kisha pitisha na kidole. Risasi zikae chumba kingine, zisiwe juu ya meza unayofanyia kazi.

Hatua ya 2: Ijue fremu kabla ya kutoa pesa

Vibao haviuzwi kwa aina ya risasi. Kujua kwamba bastola yako ni .357 au .45 hakukusaidii kitu. Kinachotawala ni umbo la chuma cha mpini, na kiwanda kimoja kinaweza kuwa na maumbo kadhaa chini ya jina moja.

Chukua Ruger Vaquero. Ilitoka mwaka 1993 ikiwa na fremu kubwa, ndugu ya Blackhawk, rivolva nyingine ya Ruger. Mwaka 2005 ikaja New Vaquero, fremu ndogo inayokaribia ile ya Colt ya zamani. Vibao vya moja havikai vizuri kwenye nyingine, lakini wauzaji wa mitumba huandika "Vaquero" na kuishia hapo. Tazama namba iliyochongwa kwenye fremu: mpya huanza na namba kama 510, 511 au 512, za zamani huanza na 55, 56, 57 au 58. Shemeji alikuwa ameuziwa vibao vya ile kubwa. Vilipishana na chuma kila mahali, na ukivuta upande mmoja ukae sawa, mwingine unaacha mwanya. Hapo msasa haukusaidii. Vilirudishwa.

Kwenye Smith & Wesson, jua kwanza herufi inayotaja ukubwa wa fremu. J ni ndogo, K na L hushirikiana vibao, N ni kubwa. Kisha tazama kitako cha mpini, kama ni cha mraba au cha mviringo. K ya mraba na N ya mraba ukizitazama kwenye picha unaweza kuapa ni kitu kimoja, na si kitu kimoja. Angalia pia unene wa kibao cha kushoto: kikiwa kinene sana hapo juu, kitazuia maganda kutoka na kifaa cha kupakia haraka hakitaingia sawasawa.

Colt ya 1873 na nakala zake za Italia, yaani Uberti na Pietta, zina swali la ziada: mpini wa kipande kimoja au vibao viwili? Wa kipande kimoja ni mbavu mbili zilizogundishwa kwenye kijiti cha kati, na ili uingie ni lazima ufungue chuma cha mgongo wa mpini. Vibao viwili hushikwa na skrubu moja inayopita katikati. Wa kipande kimoja unapendeza zaidi, sibishi, lakini kama ni mara yako ya kwanza chukua vibao viwili. Na kumbuka kwamba chuma cha nakala hizi hung'arishwa kwa mkono, kwa hiyo hata mpini ulioandikwa "kwa Uberti" usitegemee utaingia bila kusuguliwa.

Njia ninayoiamini kuliko maelezo ya muuzaji yeyote ni karatasi. Fungua vibao vya zamani, laza bastola kwenye karatasi nyeupe, chora mzunguko wa chuma kwa penseli iliyosimama wima. Ikilala, mchoro unapanuka na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Chora chuma chenyewe, usichore kibao cha zamani, maana huenda naye aliyekifunga alikosea. Weka alama ya tundu la skrubu na ya pini ndogo ya chini. Pima urefu wa mgongo na upana wa kitako kwa milimita, weka rula pembeni, piga picha kutoka juu kabisa, kisha mtumie mtengenezaji kabla hujalipa. Akikataa kuutazama, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Hakikisha si pembe ya kweli

Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki hili si suala la karatasi tu. Pembe zilizopita soko la Unguja karne ya 19 zilifika hadi Connecticut zikawa vitana na vibonye vya piano. Mji mmoja huko unaitwa Ivoryton mpaka leo. Aprili 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na Julai mwaka huohuo serikali ya Marekani ikakaza sheria hata karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya jimbo na jimbo ikafungwa. Ipo misamaha kwa vitu vya kale vyenye miaka 100 na zaidi, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji, na California na New York zina sheria zao juu ya hizo.

Hivyo, ukinunua mitumba, geuza kibao utazame kitako kwa kioo cha kukuzia. Pembe ya kweli, pale ilipokatwa kwa upana, huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu. Mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi. Plastiki huonyesha mistari sambamba, au haina kitu. Ukiona wavu na muuzaji hana hati, rudisha.

Hatua ya 4: Malighafi

Kwa bastola inayotumika, chaguo langu ni rezini ya kumimina yenye tabaka ndani yake. Hainyonyi jasho, haipasuki kwa ukavu, na bei yake inavumilika. Micarta ya karatasi, yaani tabaka za karatasi zilizogandishwa kwa rezini, ni ngumu zaidi, na hugeuka manjano yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Kama una uwezo, nunua hiyo. Mfupa wa ng'ombe ni mzuri machoni lakini hufuata hali ya hewa, na ukianguka sakafuni unapasuka.

Seluloidi ya zamani, plastiki ya enzi za kale, usiiguse. Ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, na kutu huanzia chini ya kibao, mahali usipopaona.

Hatua ya 5: Rangi

Maziwa yenye manjano kidogo. Nyeupe tupu inafanana na sinki la bafuni. Mistari ikiwa mipana na iko sawasawa pande zote mbili, ni kazi ya haraka. Kuchemsha kwenye chai ili kuzeesha hufaa kwa mfupa. Rezini hainyonyi chai, na asetoni itaiharibu uso.

Hatua ya 6: Kufunga

Tumia bisibisi ya mafundi wa bunduki, yenye ncha iliyonyooka. Ile ya nyumbani ina ncha ya kabari, hupanda juu na kuchana kichwa cha skrubu.

Kama kibao kinazidi chuma, weka penseli kwenye mpaka, kitoe, sugua kikiwa mkononi, kirudishe, tazama tena. Usisugue kikiwa juu ya bastola, hata kama umebandika tepu. Rangi ya chuma ni nyembamba kuliko unavyodhani. Anza na msasa namba 220, malizia na 600 wenye maji. Vaa barakoa, hasa kwa mfupa na Micarta. Mashine ya kusugulia iache kabatini: joto lake hulainisha rezini na kingo zinaviringika.

Kwenye mpini wa kipande kimoja, hakikisha kijiti cha kati hakigusi springi bapa ya nyundo. Kikigusa, nyundo itapiga kwa unyonge na risasi hazitawaka. Paka wino wa mhuri kwenye springi, funga, vuta nyundo mara chache ukiishusha kwa kidole gumba, kisha fungua utazame wino umehamia wapi. Hapo ndipo pa kuchonga.

Skrubu kaza kwa vidole viwili mpaka kibao kiache kucheza, basi. Vibao vingi vya rezini hupasuka hapo, kuanzia kwenye kikombe cha shaba kinachozunguka skrubu. Baada ya siku ya kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha angalia kama imelegea, na kila unapoisafisha bastola, toa vibao kwanza ili dawa ya kusafishia isiviguse.