Jinsi ya Kubaini Majira ya Kurudi kwa Mvua za Vimondo

Chagua mkondo mmoja wa vimondo, kisha kusanya nyakati za kilele chake, yaani pale vimondo vinapoonekana kwa wingi zaidi, kwa miaka mingi kadiri uwezavyo, zote zikiwa zimeandikwa kwa saa za UTC, yaani saa sanifu za kimataifa. Usilinganishe tarehe za kalenda peke yake: kwa kuwa Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365 na robo hivi, kilele kilekile husogea mbele kwa takriban saa sita kila mwaka, hadi mwaka mrefu ukirudishe nyuma. Geuza basi kila wakati kuwa longitudo ya Jua, yaani pembe inayoonyesha Dunia imefika wapi katika njia yake. Kilele cha mvua ya vimondo ya Perseidi, kwa mfano, huangukia karibu na digrii 140, mnamo Agosti 12 au 13.

Pembe hiyo hutaja siku tu, wala haisemi mwaka upi utakuwa na vimondo tele. Hapo ndipo kazi inaponoga. Panga miaka ya dhoruba (yaani miaka ya vimondo tele kupita kiasi) za mvua ya Leonidi, yaani 1799, 1833, 1866, 1966, 1999 na 2001 (hii miwili ya mwisho ni ya mrudio mmoja), nawe utaona mwachano wa miaka 33 hivi (kati ya 1866 na 1966 ipo mizunguko mitatu), ambao ndio muda wa kulizunguka Jua wa Tempel-Tuttle, nyotamkia ambayo vumbi lake ndilo huwa vimondo vya Leonidi. Hata hivyo, mwachano huo usiuchukulie kuwa ahadi: mwaka 1899 dhoruba iliyotarajiwa haikutokea, kwa sababu mvuto wa Mshtarii na Zohari ulikuwa umelisogeza vumbi. Kwa utabiri wa kuaminika, kokotoa njia ya kila utepe wa vumbi, yaani vumbi lililoachwa na nyotamkia katika mzunguko mmoja, peke yake.