Viungo vya tovuti ya nyumba ya wageni, Lamu

Wenye nyumba za wageni Shela na Mji wa Kale, achaneni na wauza viungo (links, yaani maneno ya kubofya kwenye tovuti nyingine yanayoleta wasomaji kwenye yako) kwa mafurushi. Google huvipuuza, na ukizidisha yaweza kukushusha kwenye matokeo ya utafutaji. Anza na wanaokujua: nahodha wa jahazi unayempelekea wageni, mkahawa wa jirani. Kwenye tovuti zao wakutaje ndani ya aya, si mkiani mwa ukurasa, na maneno ya kiungo yawe jina la nyumba yako. "Hoteli nafuu Lamu" ikirudiwa kila tovuti, hila huonekana wazi.

Ukurasa wa bei za vyumba hakuna anayeuwekea kiungo. Andika ukurasa wa boti za Mokowe, gati ya upande wa bara: saa, nauli, wapi pa kushukia na mizigo. Ukibadili anwani yake, weka uelekezaji wa 301 (unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye anwani mpya), la sivyo viungo vyote vitaangukia ukurasa usiopatikana.