Jinsi ya kuijua General Hospital ili uzungumze na mzee unayemtunza

Ukianza kazi ya kutunza wazee hapa Massachusetts, utafundishwa dawa, utafundishwa kumwinua mtu kitandani bila kuumiza mgongo, utafundishwa kuandika ripoti ya zamu. Tamthilia ya alasiri hakuna atakayekutajia, na ndiyo inayopanga siku ya mzee. Saa yake ikifika, bibi hataki kuoga, hataki chakula, na simu ya bintiye italia mpaka inyamaze yenyewe. Mimi nimewatunza kina bibi wa hapa Lowell miaka mingi, na kila msichana anayefika kutoka kwetu Kenya namwambia jambo moja: jifunze historia ya tamthilia ya mzee wako, kwa maana maisha yake ameyahesabu kwa hiyo.

Wengi utakaowakuta wanafuata General Hospital ya kituo cha televisheni cha ABC. Ilianza kuonyeshwa tarehe 1 Aprili 1963, kabla bendera ya Kenya haijapandishwa, na mpaka leo inatoka Jumatatu hadi Ijumaa. Mwezi Juni 2022 ilifikisha kipindi cha 15,000. Basi usijaribu kuanzia mwanzo uende mpaka mwisho. Utakayojifunza ni yale ambayo mtazamaji wa muda mrefu hawezi kuyasahau.

Anza na hospitali yenyewe

Mambo yote yanatokea Port Charles, mji wa kubuni katika jimbo la New York. Waliouanzisha mchezo ni mume na mke, Frank na Doris Hursley. Siku zile ulikuwa wa nusu saa, wa picha nyeusi na nyeupe, na hadithi ilizunguka ghorofa ya saba ya hospitali: daktari Steve Hardy na nesi Jessie Brewer. Hardy aliigizwa na John Beradino, ambaye kabla ya hapo alicheza besiboli na alikuwa kwenye timu ya Cleveland iliyotwaa ubingwa mwaka 1948. Aliishikilia nafasi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1996. Jessie aliigizwa na Emily McLaughlin, na mumewe kwenye hadithi, Phil, alikuwa mdogo kwake kwa umri na hakutulia nyumbani.

Kama bibi yako amepita miaka 80, muulize hivi tu: "Jessie alimvumilia Phil kwa nini?" Halafu weka kikombe chini, utulie. Nimelitumia swali hili kwa kina bibi ambao familia zao zilisema hawaongei tena, na likawafungua. Anayejibu kuhusu Jessie mara nyingi anajibu pia kuhusu dada yake, au jirani, au yeye mwenyewe.

Harusi ya mwaka 1981

Kufikia mwaka 1978 watazamaji walikuwa wamepungua na tamthilia ilikuwa karibu kufutwa. Akaletwa Gloria Monty kuisimamia. Mwaka huohuo muda uliongezwa kuwa saa nzima. Yeye akaharakisha mazungumzo, akafupisha matukio, na akawapa vijana nafasi ya mbele. Kijana mmojawapo alikuwa Laura, aliyeigizwa na Genie Francis. Mwingine ni Luke Spencer, aliyeigizwa na Anthony Geary.

Luke na Laura walioana tarehe 16 na 17 Novemba 1981, na watu wapatao milioni 30 walitazama. Hakuna tamthilia ya mchana ya Marekani iliyowahi kupata idadi kama hiyo. Elizabeth Taylor, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa tamthilia hii, aliigiza Helena Cassadine, mjane aliyekuja kuwalaani maharusi. Swali lako hapa ni jepesi: "Ulikuwa wapi siku ya harusi ya Laura?" Utasikia ya ofisi ambayo hakuna aliyepokea simu, ya bweni la chuo ambako wanafunzi walikaa sakafuni, ya mtoto aliyekuwa ananyonya wakati huo na leo ndiye anayelipa mshahara wako.

Lakini lijue na lililotangulia harusi hiyo, usije ukachekelea mahali pasipostahili. Mwaka 1979 Luke alimbaka Laura kwenye disko alikokuwa akifanya kazi. Watazamaji wakampenda Luke, na waandishi wakaligeuza tukio likawa mwanzo wa mapenzi. Mimi naona walikosea, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa. Miaka ilipita mpaka 1998, mtoto wao Lucky alipopata kujua, ndipo tamthilia ikarudi nyuma na kusema waziwazi kwamba ule ulikuwa ubakaji. Bibi mwingine atakwambia hakuipenda harusi ile hata siku moja. Usimwambie kwamba huo ni mchezo tu. Huenda amekaa na jambo lake miaka 40, na leo ndiyo siku aliyopata njia ya kulikaribia. Punguza sauti ya televisheni kama ataendelea. Kama atanyamaza, nyamaza naye.

Miaka ya tisini, usiipite mbio

Kama una muda wa kujifunza kipande kimoja tu, kiwe hiki. Mwaka 1994 mtoto wa nesi Bobbie na daktari Tony Jones, aitwaye B.J., alipata ajali ya basi la shule na ubongo wake ukafa. Binamu yake Maxie alikuwa hospitali hiyohiyo, moyo wake unashindwa. Wazazi wakakubali moyo wa B.J. apewe Maxie. Kisha Tony anakwenda kwenye kitanda cha Maxie, anainama, anaweka kichwa kifuani pake na kuusikiliza moyo wa bintiye unavyopiga. Hakuna anayehubiri, hakuna anayepiga kelele. Nimekiona kipande hicho nikiwa nimeshika mkono wa bibi aliyezika mtoto wake, na sikuwa na la kumwambia ambalo lingezidi kile tulichokuwa tunakiona.

Mwaka uliofuata ni wa Stone na Robin. Robin Scorpio watazamaji walimjua tangu mwaka 1985 akiwa mtoto mdogo. Mwigizaji wake, Kimberly McCullough, alikua mbele ya macho yao. Mpenzi wake Stone akapatikana na ukimwi. Mwishoni alipofuka, na dakika ya kufa akamwona Robin kwa mara ya mwisho. Robin mwenyewe akakutwa na virusi. Fikiria ni mwaka 1995: kwetu Kenya tangazo la kifo lilisema marehemu "ameugua kwa muda mrefu", na serikali ilikuja kuutangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999. Hapa akina mama wa nyumbani walikuwa wakiutazama kila alasiri, kwa jina lake, ukimpata binti waliyemlea. Tena waandishi hawakumuua. Robin alikunywa dawa, akasoma udaktari, akaolewa na kupata mtoto mwaka 2008. Ukimtunza mtu aliyemzika ndugu yake kwa aibu miaka ile, hadithi ya Robin ndiyo itakayokupa pa kuanzia.

Chora ukoo

Chukua karatasi pana. Juu kabisa andika akina Quartermaine, matajiri: mzee Edward na mkewe Lila, mtoto wao Alan, na mke wa Alan, daktari Monica, ambaye Leslie Charleson alimwigiza tangu 1977. Pembeni weka akina Spencer: Luke na dada yake Bobbie, wasio na mali. Upande wa pili akina Cassadine, wenye kisiwa chao na visasi vyao. Chini yao utaongeza Sonny Corinthos, bosi wa magendo aliyeingia mwaka 1993 akiigizwa na Maurice Benard, kisha utaunganisha mistari, maana watoto wa nyumba hizi wameoana na kuachana na kuoana tena.

Jina la mhusika liandike kwa kalamu ya wino. Jina la mwigizaji na habari za kifo ziandike kwa penseli. Carly peke yake ameigizwa na wanawake wanne, wa sasa akiwa Laura Wright tangu 2005, na kila bibi ana Carly anayemtambua kuwa ndiye. Mkubalie wake. Ama vifo, Robert na Anna, wazazi wa Robin, walilipuka na boti mwaka 1992 na wote wawili wakarudi, na adui yao aliyelipuka nao akarudi pia. Watoto nao hukua upesi kupita kiasi: leo anabatizwa, baada ya muda mfupi anapelekwa shule ya bweni, anarudi na ndevu. Bibi yako ameyazoea haya. Wewe usiulize inawezekanaje.

Karatasi hiyo ichoreni pamoja. Bibi mmoja alikuwa hawezi tena kushika kalamu, lakini kidole chake kilitembea kutoka Lila kwenda Alan kwenda kwa mjukuu bila kusita, na nilipokosea mstari alinigonga mkono.

Mambo machache ya kazi

Usibadilishe chaneli wakati wa matangazo. Usimsimulie yatakayotokea kesho hata kama umeshayasoma kwenye simu.

Kwa mzee mwenye tatizo la kumbukumbu, tamthilia hii ni kipimo ambacho hakuna karatasi ya kliniki itakupa. Akichanganya mwaka, mwache. Lakini aliyekuwa akimtaja Monica kila siku akianza kumwita kwa jina la dada yake marehemu, au akiwaogopa watu wa kwenye skrini kama wameingia chumbani, andika kwenye ripoti siku hiyohiyo na umpigie nesi msimamizi. Andika maneno aliyoyasema, si "amechanganyikiwa" tu.

Ukipangiwa zamu ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo sisi wageni hupangiwa sana, jua kwamba akina Quartermaine wana desturi yao: kila mwaka bata mzinga anaharibika kwa namna moja au nyingine, ugomvi unazuka, na familia ile tajiri inaishia kula piza. Mwulize bibi mwaka huu bata ameharibikaje. Kama watoto wake hawajaja, agiza piza, kama daktari hajamkataza jibini, mle pamoja.

Kuna wanaoomboleza tamthilia iliyokufa. ABC iliifunga All My Children Septemba 2011 na One Life to Live Januari 2012, na kuna kina bibi ambao hasira yao haijapoa. Wasikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyehamishwa mtaa. Wa Days of Our Lives wana shida nyingine: tangu Septemba 2022 imehamia Peacock, kwenye intaneti, na wengi hawajui kuifikia. Mwombe mwanawe alipie, kisha wewe mwenyewe umwekee kwenye televisheni na umwandikie hatua kwa herufi kubwa, uzibandike nyuma ya rimoti.

General Hospital bado inapatikana ABC kwa antena ya kawaida. Ikiwa miadi ya daktari imeangukia saa yake, kipindi huwekwa Hulu, kwenye intaneti, siku inayofuata. Mwambie hilo mapema, kabla hujamvalisha viatu.